Swichi Ndiyo Hatua ya Mwisho

SWALI



Mimi ni fundi wa friji mwenye cheti cha NITA cha gredi ya pili. Nimeajiriwa katika kichinjio kimoja nje kidogo ya Kitengela, upande wa barabara ya kwenda Namanga. Mwenye kichinjio amejenga vyumba viwili vya baridi, kimoja cha kupoza nyama na kingine cha kugandisha, na amenunua kompresa ya pistoni ya nguvu za farasi 30 inayotumia gesi ya R404A. Wakandarasi waliolaza mabomba wameondoka wakisema kilichobaki ni vakyumu, gesi na kuwasha.

Niliacha pampu ya vakyumu ikivuta usiku kucha. Sindano ya geji ilishuka hadi karibu na inchi 25 ikagota hapo. Rafiki yangu aliye fundi Mombasa anasema yeye hufika inchi 29 na zaidi, kwa hiyo lazima mabomba yangu yanavuja. Nimepaka sabuni kila kiungo huku pampu ikivuta na sijaona povu hata moja.

Mzee ameshanunua mbuzi huko Bissil na anataka nyama ya kwanza iingie chumbani Jumatatu. Jana aliniuliza, “Fundi, si ubonyeze tu swichi tuone?” Wakandarasi nao wameniachia fomu ya kupokea mtambo niitie sahihi. Stima yetu hupotea mara kwa mara, ila tuna jenereta. Naogopa kuonekana sijui kazi. Nifanye nini? Na je, mtambo wa amonia huwashwa vivyo hivyo? Nimesikia kuna kazi Athi River.

Fundi wa Kitengela

JIBU

Ndugu fundi,

Mwambie Mzee kwa heshima kwamba Jumatatu haitawezekana, kisha kata stima ya mota, funga kisanduku chake kwa kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwako. Naanza na kufuli kwa sababu kompresa yako sasa hivi iko mahali ambapo mtu mmoja mwenye haraka anaweza kuiua kwa sekunde chache. Mota ya kompresa ya aina hiyo imefungiwa ndani ya chuma kimoja na gesi. Ikipewa stima wakati ndani kuna vakyumu, cheche huruka kati ya nyaya kwa urahisi kuliko kwenye hewa ya kawaida, na mota huungua kabla haijazunguka vizuri. Kwa sababu hiyo hiyo, usiipime kwa mega, yaani kipimo cha insulesheni ya nyaya, mpaka vakyumu iondolewe.

Baada ya hapo, nikutulize juu ya hiyo geji.

Sindano imesema kweli

Geji ya sindano hulinganisha presha iliyo ndani ya bomba na presha ya hewa iliyoizunguka. Mombasa iko usawa wa bahari, ambako hewa hulemea kwa 1.01 bar, sawa na inchi 29.9 za zebaki. Fundi wa huko akiondoa kila kitu bombani, sindano yake hukaribia 30. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Hapo hewa hulemea kwa takriban 0.84 bar, yaani inchi 24.7 hivi. Hakuna pampu duniani itakayoishusha sindano yako kupita hapo, kwa kuwa hakuna presha zaidi iliyobaki ya kuondoa. Kajiado mjini, ambako ni juu zaidi, itagota mapema zaidi. Rafiki yako amekupa kipimo sahihi cha Mombasa.

Lakini usishangilie bado. Kwamba sindano imefika mwisho wake hakuthibitishi kuwa bomba ni kavu wala kwamba halivuji. Geji hiyo haiwezi kutofautisha vakyumu nzuri na ile inayoacha unyevu wa kutosha kuharibu mafuta. Kwa kazi hiyo unahitaji geji ya maikroni, ambayo hupima kilichobaki ndani bila kujali uko Mombasa au Kitengela. Kama kichinjio hakina, ikodishe au uinunue. Bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya kompresa.

Na ile sabuni haikukuonyesha povu kwa sababu ulipaka pampu ikivuta. Wakati huo kama kuna tundu, hewa huingia ndani, na povu hutoka tu pale gesi inaposukumwa nje. Rudi nyuma hatua moja, ujaze nitrojeni.

Nitrojeni kwanza

Tumia nitrojeni kavu kupitia regyuleta, na presha isizidi ile iliyoandikwa kwenye vibao vya mtambo, upande wa juu kwa kipimo chake na upande wa chini kwa chake. Funga vali za kompresa ili yenyewe isipokee presha hiyo. Kamwe usitumie oksijeni ya mtungi wa kuchomelea, hata akitokea mtu akuapie kwamba ameitumia miaka yote. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta hulipuka, na mafundi wamekufa kwa jambo hilo.

Paka sabuni sasa, kiungo kwa kiungo, kisha uache mtambo usimame saa 24. Hapa pia Kitengela ina mtego wake, kwa kuwa mchana na alfajiri yetu hutofautiana sana kwa joto. Tuseme umejaza 20 bar saa nane mchana, joto likiwa nyuzi 30. Ukiisoma geji saa kumi na mbili asubuhi, joto likiwa nyuzi 13, utakuta chini kidogo ya 19 bar hata kama hakuna tundu hata la sindano, maana gesi iliyofungiwa hupungua presha ikipoa. Kwa hiyo andika joto kando ya kila presha unayosoma, na ulinganishe vipimo vya saa ileile ya siku. Fundi asiyefanya hivyo atatafuta tundu lisilokuwapo, au atalikosa lililopo.

Vakyumu inayoaminika

Presha ikisimama, itoe nitrojeni na uvute upya. Vuta kutoka pande zote mbili, kwa mipira minene na mifupi, na vali za solenoidi zikiwa wazi, la sivyo kuna sehemu za bomba ambazo pampu haitazifikia. Badilisha mafuta ya pampu kabla ya kuanza. Mafuta yaliyofyonza unyevu hayavuti.

Lengo ni kushuka chini ya maikroni 500. Unyevu huondoka pale tu unapochemka, na maji yenye nyuzi 10, joto la bomba la Kitengela usiku wa Julai, hayachemki mpaka presha ishuke hadi maikroni 9,000 hivi. Ndiyo maana kuvuta mchana bomba likiwa na joto husaidia. Ukiona kasi imefifia, jaza nitrojeni kidogo ifute unyevu, kisha uvute tena. Rudia mara mbili au tatu.

Ukifika chini ya 500, funga vali ya pampu, uzime pampu na uangalie. Namba ikipanda kidogo na kutulia, bado kuna unyevu unaochemka ndani. Ikiendelea kupanda bila kusimama, kuna tundu. Ikibaki pale pale, bomba liko tayari. Nakusihi usimalize kipimo hiki kwa dakika mbili za kubahatisha. Kaa nacho.

Unyevu unakatazwa kwa ukali kiasi hicho kwa sababu ya mafuta. Kompresa za R404A hutumia mafuta ya esta, ambayo hufyonza unyevu wa hewani upesi sana. Unyevu huo na joto huzaa asidi, na asidi hula waya za mota polepole. Mtambo utawaka vizuri, Mzee atafurahi, na miezi michache baadaye mota itaungua huku kila mtu akiilaumu stima. Kwa hiyo kopo la mafuta lisikae wazi, wala kompresa yenyewe.

Stima na hewa nyepesi

Kazi ya stima ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, lakini wewe uwepo na upime. Soma kibao cha mota: volti, hezi, na ampea zake. Kama kompresa ilitoka nchi inayotumia hezi 60, muulize aliyewauzia itakavyofanya kazi kwa hezi 50 zetu kabla ya kuiunganisha. Fungua kifuniko cha nyaya ulinganishe viungo na mchoro uliobandikwa ndani, kimoja baada ya kingine. Kaza kila skrubu.

Pima volti kati ya fezi zote tatu. Stima yetu ya viwandani ni volti 415, lakini jambo la kutazama zaidi ni kama fezi zinalingana. Tuseme umepata 410, 418 na 396. Wastani ni 408, na ile iliyo mbali zaidi imeachana nao kwa volti 12, karibu asilimia 3. Inaonekana ndogo, ila joto la ziada ndani ya mota hukua kwa kasi kuliko tofauti yenyewe: asilimia 3 za tofauti huongeza ongezeko la joto la mota kwa asilimia 18 hivi. Ukivuka asilimia 2, wapigie Kenya Power na upange upya mizigo ya kichinjio kabla ya kuwasha. Weka kinga ya fezi inayokata stima fezi moja ikipotea, na saa ya kuchelewesha ili kompresa isirudi papo hapo stima inaporejea.

Jenereta nayo ihakikishwe kuwa inapanga fezi kwa mfuatano uleule wa Kenya Power. Kompresa ya pistoni mara nyingi husamehe ikizunguka kinyume, lakini feni za fezi tatu zitapuliza upande usiotakiwa. Siku mtakayonunua kompresa ya skrubu, kuzunguka kinyume kutaiharibu kwa muda mfupi sana.

Hewa ya Kitengela ni nyepesi kwa takriban asilimia 17 kuliko ya Mombasa yenye joto sawa, kwa hiyo feni zako zinabeba joto pungufu kwa kila mzunguko. Mota za kawaida hutengenezwa kwa matumizi yasiyozidi mita 1,000 juu ya bahari. Juu ya hapo hupunguziwa mzigo. Muulize aliyewauzia kama kondensa na mota zilichaguliwa kwa mita 1,500 na zaidi, na akujibu kwa maandishi. Kisha isafishe kondensa. Vumbi la ujenzi lililolala kwenye mapezi yake wakati wa kujenga linaweza peke yake kuipandisha presha siku ya kwanza.

Mafuta yapate joto

Gesi hupenda kujificha ndani ya mafuta yaliyopoa. Kompresa ikiwashwa hivyo, gesi hutoka ghafla, mafuta hugeuka povu na kukimbilia mabombani, na beringi hubaki kavu. Dawa yake ni hita ya mafuta iliyo chini ya kompresa. Iwashe saa 24 kabla ya kuwasha mtambo kwa mara ya kwanza. Hita iwe na njia yake ya stima, ili ile kufuli ya mota isiikate.

Kwa kuwa stima yenu hupotea, iunganishe hita hiyo kwenye jenereta pia. Stima ikikatika usiku kucha na hita ikapoa, asubuhi usiiwashe kompresa mara tu taa zinaporudi. Acha hita ipashe kwanza mpaka sehemu ya chini ya kompresa iwe na joto mkononi. Waeleze hivyo walinzi na wafanyakazi wote wa zamu, kisha uandike mlangoni.

Gesi, halafu swichi

R404A ni mchanganyiko wa gesi tatu, na ikitolewa mtungini ikiwa mvuke, mchanganyiko huo huharibika. Itie ikiwa kimiminika, kwenye tangi la kupokelea, mtambo ukiwa bado katika vakyumu, na mtungi ukiwa juu ya mizani. Andika kilo. Usitie kimiminika kwenye bomba la kuvuta la kompresa, maana pistoni haiwezi kukibana, itavunjika. Na usiiachilie gesi hewani hata kidogo: kilo 1 ya R404A hupasha joto dunia sawasawa na kilo 3,922 za kaboni dioksidi, na NEMA, mamlaka ya mazingira, inasimamia gesi za friji.

Siku ya kuwasha muwe wawili, mmoja kwenye geji na mwingine mkono wake ukiwa kwenye swichi ya kuzimia. Vali ya bomba la kusukuma iwe wazi kabisa. Kuwasha ikiwa imefungwa ni kulipasua bomba au kichwa cha kompresa. Vali ya kuvuta ifunguliwe kidogo tu. Mafuta yawe nusu ya kioo. Sasa fungua kufuli.

Washa sekunde chache, zima, sikiliza. Kama hakuna mgongano, washa tena na uifungue vali ya kuvuta polepole. Tazama mambo manne kwa pamoja. Presha ya mafuta ipande mara moja na ikae juu ya presha ya kuvuta kwa kiasi kinachotajwa na kitabu cha kompresa. Kinga ya mafuta kwenye kompresa nyingi hungoja dakika mbili hivi kabla ya kukata, nawe usingoje kiasi hicho kama sindano haijasogea. Ampea zisizidi za kibao. Povu kwenye kioo cha mafuta dakika za mwanzo ni jambo la kawaida, mafuta kutoweka si kawaida. Bomba la kusukuma, sentimita 15 kutoka kompresa, lisipite nyuzi 107 hivi, kipimo ambacho mafundi wengi hukishika kwa sababu juu ya hapo mafuta huanza kuharibika kwenye vali.

Ukipima joto la ziada la gesi inayorudi, kumbuka tena mwinuko. Duara la joto lililochorwa kwenye geji yako lilihesabiwa kwa usawa wa bahari. Kwenye chumba cha kugandisha, gesi ikichemka kwa nyuzi 30 chini ya sifuri, duara hilo litakuonyesha 28 chini ya sifuri. Nyuzi mbili hizo zinatosha kukufanya uichezee vali ya upanuzi isiyo na kosa. Tumia geji ya dijitali iliyopangwa kwa mwinuko wa Kitengela, au ongeza 0.84 bar kwenye presha uliyosoma, kisha utafute joto lake kwenye jedwali la presha kamili.

Kisha zijaribu kinga kwa vitendo. Zima feni za kondensa ukiitazama presha ikipanda, mkono ukiwa kwenye swichi. Kinga ya presha ya juu lazima ikate pale ilipopangwa. Fanya hivyo kwa presha ya chini na ya mafuta. Kinga ambayo hujaiona ikikata usiihesabu kuwa ipo, na asiwepo mtu wa kuiunganisha kwa kipande cha waya ili “kazi iendelee.” Baki na mtambo siku nzima, uandike vipimo kila dakika 15 kwa saa za mwanzo, kisha kila saa. Baada ya muda wa mwanzo unaotajwa na kitabu, badilisha mafuta, filta na draya, kwa sababu masizi ya kuchomelea huishia humo.

Vyumba navyo vina mwendo wao

Hata kompresa ikikubali, nyama isiingie siku hiyo. Sakafu mpya ya zege na kuta zake vimebeba maji. Ukikishusha chumba cha kugandisha kwa pupa, sakafu inaweza kupasuka. Shusha nyuzi chache kila siku, simama siku moja au mbili ukiwa juu kidogo ya sifuri ili maji yatoke, kisha uendelee. Hakikisha chumba hicho kina tundu la kupumulia lenye vali. Hewa ikipoa husinyaa, na paneli za chumba kisicho na pa kuvutia pumzi zinaweza kuvutwa ndani.

Mbuzi aliyechinjwa sasa hivi ana joto la karibu nyuzi 39. Usimpeleke kwenye chumba cha kugandisha. Aanzie chumba cha kupoza, na siku za kwanza ingiza kidogo kidogo ili uone kompresa inavyobeba mzigo.

Mzee na fomu

Najua hapa ndipo penye uzito wako. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Ukiogopa kumuudhi Mzee leo, mtalia wote wawili baadaye, na machozi yatakugharimu wewe kazi na yeye kompresa.

Usimwendee na neno “haiwezekani” peke yake. Mpelekee ratiba ya siku kwa siku: siku ya nitrojeni, siku ya vakyumu, siku ya hita, siku ya kuwasha, siku za kushusha joto. Kisha mpe njia ya mbuzi wake. Mabucha ya Kitengela, Kajiado na Nairobi yamezoea kuchukua nyama iliyochinjwa usiku na kuiuza siku hiyo hiyo, kwa hiyo achinje kwa idadi ambayo mabucha yatamaliza na wengine wabaki zizini wakila. Mwambie hivi: “Mzee, mbuzi aliye hai anaweza kungoja wiki. Nyama iliyo ndani ya chumba kilichozimika haitangoja.” Mfanyabiashara wa mifugo anaielewa hesabu hiyo.

Akisisitiza bado, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 iko upande wako. Inakutaka uripoti hatari kubwa unayoiona, na mwajiri hapaswi kukurudisha kwenye hatari hiyo kabla ya kuiondoa. Liandike jambo hilo kwa adabu, umpe nakala nawe ubaki na yako.

Fomu ya wakandarasi usiitie sahihi leo. Sahihi yako ikiwa hapo, unyevu wao, masizi yao na tundu lao vinakuwa vyako. Waite warudi kushuhudia nitrojeni na vakyumu, maana ni mabomba yao yanayopimwa. Kila mstari wa fomu uliouona kwa macho uuandikie namba, tarehe na joto. Usiouona uuandikie “haujashuhudiwa.” Kuonekana hujui kazi ni kutia sahihi usichokiona. Anayeuliza maswali mbele ya mtambo huyo ndiye fundi.

Amonia

Athi River ni mji wa nyama, nyumbani kwa Kenya Meat Commission iliyoanzishwa mwaka 1950, na eneo hilo lina viwanda vingi, kwa hiyo ni vyema ujiandae. Mpangilio wa kazi haubadiliki: kuzuia uvujaji, kukausha, mafuta, kinga, kisha swichi. Hatari ndiyo inayobadilika. Amonia hula shaba, kwa hiyo mabomba yake ni ya chuma cha pua au feleji. Pua huinusa ikiwa kidogo sana hewani, jambo ambalo ni rehema, lakini ikifika sehemu 300 kwa milioni inahatarisha maisha, na ikiwa kati ya asilimia 15 na 28 ya hewa inaweza kulipuka. Hupenda maji, kwa hiyo hukimbilia macho, koo na jasho.

Usikubali kazi hiyo bila mafunzo ya kiwandani, barakoa inayofaa amonia iliyopimwa usoni mwako, bomba la maji ya kuoshea macho karibu, na mwenzako wa kukutazama. Ujue njia mbili za kutokea na upepo unavuma kuelekea wapi kabla ya kugusa vali. Mwajiri asiyeweza kukuonyesha hayo siku ya kwanza, mwachie kazi yake.

Mwisho

Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliwafundisha wafugaji wa Kajiado hasara ya kumngoja mnyama mpaka akonde. Chumba cha baridi kinachotegemeka kinampa mfugaji nafasi ya kuuza mapema, mnyama akiwa bado na nyama mifupani, na bei isishuke kwa sababu mabucha yameshiba siku hiyo. Kwa hiyo kazi yako inawagusa watu wengi ambao hawatawahi kuiona hiyo kompresa.

Kesho asubuhi tafuta mtungi wa nitrojeni, regyuleta nzima, geji ya maikroni na kipimajoto. Wapigie wakandarasi uwape siku ya kurudi. Nunua daftari gumu, na ukurasa wa kwanza andika: Kitengela, vakyumu kamili ni inchi 24.7. Yeyote atakayekuja baada yako ataanza kazi akiwa anajua hilo.